Baba Anataka Nimwalike Belasko Apofushwe

Mpendwa Mama Oneka, wewe unayewashauri wanawake wa mabonde yetu yote, leo anayekuomba msaada ni mimi, Andregoto, uliyenifundisha kusoma huko kwenye nyumba yako ya watawa, na usione muhuri wa malkia ukadhani nina nguvu, maana tangu mume wangu mfalme afariki wakati wa mavuno silali wala sili, na nyumba imejaa watu wa kunipangia la kufanya.

Unamjua Belasko, mtoto wa kambo niliyemkuta hapa nilipoolewa, mama yake alikuwa mfumaji wa ikulu asiyefungishwa ndoa na alifariki akimzaa, na mimi nilimkuta ana miaka minne, kichwa kimejaa upele, mkali kama paka, hataki kula, mpaka nikaketi naye sakafuni nikala kwenye bakuli lake, na tangu siku hiyo ananiita mama. Sikuwahi kukumbuka kwamba sikumzaa. Hata nilipompata Fortun wangu baada ya kungoja sana, Belasko ndiye aliyembeba mgongoni akimzungusha uani na kupiga kelele, "Pisheni, mfalme anapita!"

Sasa Fortun ndiye mfalme kweli, tumemvika taji akiwa na miaka minane likamshuka hadi puani, na Belasko ni mwanamume mzima, analinda njia za mlimani, askari wanampenda, na mabwana wa kaskazini wanasema wazi kwamba wanataka mfalme mwenye ndevu. Yeye mwenyewe hajasema kitu, na kunyamaza kwake ndiko kunakoniua, Mama. Majuzi alipita hapa na jibini, akanitazama akasema, "Mama, umekonda. Hawa wageni wako wanakumalizia chakula?" Nikacheka, halafu akainama kumfunga Fortun kamba za kiatu, nikauona upanga kiunoni mwake, nikamvuta mtoto kwangu, na Belasko akaona. Aliinuka akapanda farasi wake bila kuaga.

Wageni wenyewe ni baba yangu, Mfalme Garsea, na jeshi lake, amekuja kutulinda, na kila tukikaa mezani ananiambia, "Mwalike kwa Noeli. Ukimwita wewe atakuja bila silaha. Simuui, binti yangu, mimi si mnyama. Macho tu. Kipofu hatawali, na watawa watamtunza vizuri." Anasema hayo huku anamega mkate! Nikamwambia, baba, huyu ni mwanangu, akanijibu, "Mwanao ni mmoja. Ukimwonea huruma huyu, utamzika yule." Na kinachonitisha ni kwamba mambo hayo yapo, hata babu yao watoto hawa alikipata kiti cha enzi kwa kumpofusha ndugu yake, nami nilimkuta yule mzee bado hai, akipapasa ukuta wa kanisa akitafuta mlango.

Mjumbe wa kwenda kumwita Belasko ameshatandika farasi, nimemwambia angoje kwanza. Nikimwita nitajichukia mpaka kaburini, nisipomwita nikampoteza Fortun nitajiambia nini? Mama, nifanye nini?

Binti yako, Andregoto

*

Goto mwanangu,

Pole. Ujane ni mzito, na ujane wenye taji hata nafasi ya kulia haukupi. Pole yangu inaishia hapo, sasa nisikilize.

Umeniandikia habari za Belasko toka utotoni mwake na hukutaja hata kosa moja alilofanya. Umetaja ndevu, umetaja upanga, umetaja maneno ya watu wengine. Mlinzi wa njia za mlimani ulitaka avae nini kiunoni, ufagio? Unamnyakua mtoto mbele yake kana kwamba umeona nyoka, kisha unashangaa kwa nini kanyamaza! Umemuuliza baba yako, umeniuliza mimi niliyejifungia huku na masista wangu, ila yeye hukumuuliza.

Baba yako anakupenda, sikatai. Lakini Belasko akishapofushwa, njia za mlimani zitalindwa na nani? Na askari wa baba yako. Na mfalme wa miaka minane atakuwa mikononi mwa nani? Fikiri, msichana, nilikufundisha hesabu pia. Halafu Fortun atakua, na siku akiuliza kaka yake alipofukaje, wa kumjibu ni wewe.

Sasa shika moyo. Belasko yuko hapa, naye ameniruhusu nikuambie. Mabwana wa kaskazini walimpelekea joho la kifalme kambini, akawakimbia, akafika kwangu amelowa theluji mpaka mifupani. Nikamuuliza, "Kiti unakitaka?" Akasema, "Nikikichukua, mama atanitazama vile alivyonitazama siku ile, maisha yangu yote." Akalia, jitu zima lile, masista wakakimbilia jikoni wakijifanya wana kazi.

Kwa hiyo mjumbe wako ashushe matandiko. Njoo mwenyewe na Fortun, mchana kweupe, na uwaite mabwana wa pande zote waje washuhudie. Hapa altareni Belasko ataapa kumlinda mdogo wake mpaka afikie umri wa kutawala, na wewe utaapa mbele ya watu haohao kwamba macho yake hayataguswa na mtu, kisha umkabidhi ngome zote za mlimani. Baba yako mshukuru, mlishe vizuri, mfungulie lango aende kwake. Akifoka, mkumbushe kwamba njia ya kurudi kwake inapita kwa askari wa Belasko. Hilo ataelewa upesi.

Na kabla ya viapo na mishumaa, muombe msamaha mwanao. Malkia akiomba msamaha hapungukiwi kitu, mimi nimeshawahi kuwaona wachache waliojaribu.

Nimempa shoka apasue kuni ili asiwaze sana, na sasa banda limejaa hadi juu. Kila akisikia kwato barabarani anaacha shoka anakwenda langoni, kisha anarudi kupasua. Njoo upesi, Goto. Sina tena miti ya kumpa.