Ndoana ya Mwisho ya Gurdev

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwili mwingine tayari. Hariri ya njano mizunguko ishirini na miwili, uzi wa fedha juu yake mitano. Sawasawa kabisa. Birmingham nzima hakuna anayezungusha mwili wa inzi wa samoni, chambo cha manyoya cha kuvulia samaki, kama mimi. Sijisifu, nasema ilivyo. Jiliwa la kubania situmii, nashika ndoana kwa vidole. Bawa sijaweka.
Mama Sahra amepita na ufagio. Anasema manyoya yangu yameingia mpaka kwenye sukari. Nimemwambia hiyo sukari ina bahati.

Jumanne, 7 Oktoba
Basi mpaka Digbeth, karakana ya Gurdev. Kalasinga wa Kisumu, rafiki yangu mwaka wa sita sasa. Anatengeneza ndoana kwa mkono, kama zamani. Anakata waya wa chuma, anachonga chembe cha kunasia kwa tupa, anakunja, anatia motoni mpaka iive nyekundu, anaizamisha kwenye mafuta. Kuna watu huku wanaviweka hivi vitu kwenye fremu kama picha ya harusi.
Leo amenipa moja, ameifunga kwenye karatasi. Nyeusi, nyembamba, imepinda vizuri mno. Mkono wake unatetemeka siku hizi. Amevunja tisa ndiyo akapata hiyo. Hatatengeneza nyingine. Tupa zake ameshazigawa. Jumapili mwanawe anamhamishia kwake Uskoti, moja kwa moja.
Akasema, "Wewe Abdi, miaka sita naonyeshwa tumbo la inzi tu. Nifungie mmoja mzima bwana, niende naye."
Nikasema Jumamosi atakuwa tayari. Hata mate sikumeza.
Mjinga mimi.

Jumatano, 8 Oktoba
Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.
Kule Kericho, kwenye karakana ya inzi ya Mzungu mmoja nilikofanya kazi, hakuna aliyefunga inzi mzima. Tulikaa mezani kwa mstari. Mmoja mkia, mmoja mwili, mmoja bawa, mmoja kichwa. Mimi nilikuwa mwili. Miaka kumi na mmoja, mwili. Kulia kwangu alikaa msichana wa bawa, Habiba. Nikamuoa. Ndiye huyu Mama Sahra.
Bawa la samoni si unyoya mmoja. Ni vipande vyembamba vya manyoya ya bata bukini, chekundu, cha njano, cha buluu. Unavilaza ubavu kwa ubavu, unavipapasa mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Tulisema tunayafungisha ndoa. Habiba alikuwa anayafungisha huku anapiga soga, hata hatazami.
Nimejaribu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Yote yameachana.

Alhamisi, 9 Oktoba
Yameachana tena.
Kumwomba siwezi. Sababu ninayo. Mwaka juzi alikuja mgeni, mzee mwenzangu wa msikitini. Akaona inzi mmoja niliyetoka naye Kericho, alikuwa ukutani. Akauliza nani fundi. Nikasema mimi, mwanzo mpaka mwisho, peke yangu. Habiba alikuwa anamimina chai. Kesho yake nikakuta ukuta mtupu, inzi ameshamtoa. Tangu hapo hajagusa unyoya, na mimi sijamuuliza.
Nina aibu. Lakini pia nina kichwa kigumu, na kichwa ndicho kinashinda.

Ijumaa, 10 Oktoba
Asubuhi nimefunga mwili kwenye ndoana ya Gurdev. Mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikajaribu bawa juu yake. Likapinduka. Nikafungua. Nikajaribu tena, wembe ukateleza, nusura nikate hariri. Hapo niliogopa kweli. Ndoana ni hii moja tu duniani.
Baada ya swala nilipitia maduka ya Alum Rock, nikanunua halua anayoipenda Habiba. Ameitazama, akanitazama mimi.
"Umevunja nini?"
Nikaanza kusema macho yangu, umri, taa ya jikoni mbaya. Akasema, "Macho yako yanasoma namba ya basi likiwa bado mbali kule Stechford stesheni."
Basi nikasema. Bawa siliwezi. Sikuliweza hata siku moja. Bawa la inzi yule wa ukutani lilikuwa lako.
Alikuwa anakanda unga. Hakuinua kichwa.
"Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwepo. Kamwambie Gurdev."
Halua ameila.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimempigia Gurdev kabla ya chai, nisije nikabadili nia. Nikamwambia yote, mstari wa meza, mkia, mwili, bawa la nani. Akacheka mpaka akakohoa.
"Kumbe mfalme wa matumbo! Basi mwambie shemeji mimi nangoja bawa lake."
Imeniuma. Mpaka sasa inauma kidogo.
Habiba akanawa mikono, akavaa miwani, akakaa kulia kwangu. Akachambua manyoya yangu, halafu akacheka kuliko Gurdev. Unyoya wa upande wa kushoto wa ndege huolewa na wa kushoto, wa kulia na wa kulia. Mimi siku tatu nachanganya! Miaka kumi na mmoja nimekaa kiti cha pili na hilo sikuliona.
Vidole vyake vina uvimbe wa baridi yabisi, lakini manyoya yalimtii. Akaliweka bawa juu ya mwili wangu, akalibana. Uzi ulikuwa kwangu.
"Usipumue."
Sikupumua. Mizunguko mitatu. Akaachia polepole. Limesimama.
Gurdev alikuja alasiri. Alipokea kwa mikono miwili nami nikamshikia boksi. Akatazama bawa kwanza, muda mrefu sana. Akamwambia Habiba, "Shemeji, sasa ndoana yangu ina nguo." Nikakohoa. Ndipo akatazama mwili, akanipiga begani. Begani panatosha.

Jumapili, 12 Oktoba
Mvua. Gurdev ameondoka saa nne. Hakutaka watu wa kumuaga.
Nyumba kimya. Habiba ameketi kwenye kiti changu, amechukua ndoana ya dukani. Amesema nimwonyeshe mwili, hakuwahi kufunga hata mmoja. Nikamwonyesha. Mzunguko wa sita hariri ikamponyoka, yote ikafunguka. Nimefurahi, Mungu anisamehe. Nikamshikia ncha ya uzi, akaanza upya.