Siku Ami Alipopasua Mzoga

Mjukuu wangu Halima, asalaam aleikum. Huku Mariakani bado napasua mawe, na mgongo bado unanyooka, alhamdulillahi. Bibi yako yuko Garsen, mzima, anakusalimu.

Unasema huko chuo cha udaktari mwalimu amewasimulia habari za daktari wa zamani wa Ujerumani, aliyepasua maiti ili aone ugonjwa ulipojificha. Sasa kesho zamu ya kupasua maiti ni yako, na unaogopa kuwa ni kumdhulumu marehemu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini nitakwambia nilichokiona.

Nilipokuwa kijana, ng'ombe wetu watatu walikufa karibu na mto. Kaka yangu akashika rungu. "Ni yule mkulima Mpokomo wa shamba la ndizi, hawapendi sisi wafugaji. Ametutilia sumu majini!"

Vijana tukamfuata. Ami, ndugu wa baba, akatuzuia njiani. "Nani amempasua ng'ombe akaangalia?"

"Ami, huo ni mzoga!"

"Nimesema nitaula?"

Akakata kati ya mbavu. Mapafu yalikuwa yamegandamana na mbavu, na maji ya manjano yakamwagika. "Homa ya mapafu," akasema. "Mmeileta wenyewe na yule fahali mliyemnunua, anayekohoa."

Jioni mkulima yule alikuja na mkungu wa ndizi kutupa pole. Kaka aliupokea kwa mikono miwili, lakini hakuweza kumtazama usoni.

Basi kesho, mama, msitiri marehemu vizuri, mwombe radhi, kisha angalia. Huenda nje kuna mtu anayelaumiwa bure kwa kifo chake.

Babu yako