Logi Ambayo Jamaldini Hakuibadilisha

Sophia, pokea simu! Nimetoka kwa bibi kule Kijenge sasa hivi.

Unamkumbuka Jamaldini, babu yake bibi, yule karani wa enzi za Mjerumani? Leo bibi kanieleza kwa nini aliacha kazi.

Mpima ardhi Mjerumani alitaka kupiga kambi juu ya Mlima Meru. Akampa Jamaldini vipimo vya mgandamizo wa hewa ya huko, akokotoe kimo. Kanuni ya hesabu ilitaka logi asilia, lakini kitabu cha majedwali kilikuwa na aina nyingine, logi za kizio cha kumi. Ilibidi azibadilishe, azidishe kwa mbili nukta tatu. Akasahau. Sophia, AKASAHAU! Kimo kikatoka chini ya nusu.

Rafiki yake Jamaldini, Lerionka wa Kisongo, mkuu wa wapagazi, akaomba mablanketi. Mjerumani akatazama hesabu: "Si juu sana. Bebeni vifaa tu."

Wapagazi walipokwisha kutangulia mlimani, Jamaldini akarudia hesabu. Akamkimbilia Mjerumani: "Bwana, nimekosea! Watakufa kwa baridi!"

"Rekebisha hesabu," akajibiwa. Basi. Rekebisha!

Akajitwika mablanketi mwenyewe, akapanda huku mvua inampiga. Alipowafikia, wapagazi walikuwa wamekumbatiana, wanatetemeka. Lerionka alikuwa kando yao, ameshakufa. Shuka lake alikuwa amewapa wenzake.

Jamaldini akamfunika. Akamfunika tena, blanketi juu ya blanketi, analia, mpaka mpagazi mmoja akamshika mkono:

"Karani, tupe na sisi tulio hai."