Uvimbe wa Emanueli Haukutoka kwa Jirani

Dar es Salaam

Mdogo wangu Boay,

Kosa la wengi ni kudhani kila kinachoua kimetoka nje. Nitakueleza, lakini kwanza, hujambo? Ng'ombe wamesalimika na ukame? Mimi ni mguu tu unaoniuma. Mwanangu Emanueli yu hai, ingawa juzi kifafa kilimtupa chini hadi akajing'ata ulimi, damu ikarukia ukuta.

Dada amenipigia. Mmechoma nyumba ya Mama Paskali, jirani yetu, na kumvunja mkono, eti alimroga Emanueli hata gari la watalii alilokuwa akiliendesha likamshinda kwenye mteremko wa kreta. Rungu lilikuwa lako. Sasa amejificha kanisani, na vijana wanaapa kummaliza. Simu ungenikatia, ndiyo maana nimempa dereva wa basi karatasi hii.

Sikiliza taratibu. Uvimbe ule walioukuta kichwani mwa Emanueli umetokana na seli za ubongo wake mwenyewe. Ndani ya seli kuna vijumba viitwavyo mitokondria, vinavyoipa nguvu ya kuishi. Hivyohivyo ndivyo vinavyotunza panga la kuiua. Seli ikiharibika, ganda la vijumba hutoboka, protini humwagika na kuamsha vikatio, seli inakatwakatwa kutoka ndani, na seli za jirani hula mabaki. Machinjo hayo yanaendelea mwilini mwako hata sasa, ndiyo maana u mzima. Lakini seli za uvimbe zimejaza walinzi kwenye ganda lile. Panga halitoki, nazo zinazidi kuzaana. Mionzi anayopigwa hospitalini huku inazijeruhi vibaya, kwa matumaini kwamba ganda litapasuka zijichinje.

Nilipomweleza, Emanueli akauliza, "Kwa hiyo, baba, aliyeniroga ni mimi?"

"Hakuna aliyeroga. Ni seli zako zimekataa kufa."

Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule mwingine hausogei. "Basi mwambie baba mdogo aje anivunje mimi mkono."

Daktari hakuahidi kwamba atapona. Akifa, Boay, asizikwe na damu ya mtu juu yake.

Nisalimie shemeji, mkeo, na dada yetu aliyethubutu kusema, na mzee wa kanisa anayelala mlangoni kwa ajili ya mama wa watu.

Ni mimi kaka yako,
Sulle

Ufunguo wa nyumba yangu anao dada. Leo hii nenda kanisani, bila rungu, umchukue Mama Paskali ukamlaze kitandani kwangu.