Soksi za Bibi Yako

Mjukuu wangu Elia,

Bibi yako amekufa Jumanne, kifua kilimzidi. Tumemzika hapa Itaka na shangazi yako yupo na mimi. Ulizoea kumwita mke wako, basi tumefiwa wote wawili. Usikate tiketi ya kurudi. Endelea na masomo yako huko ng'ambo.

Kwenye barua yako ulimuuliza bibi uvae soksi gani kwenye baridi ya huko. Nakujibu mimi.

Ujanani nilikuwa naosha kahawa. Mwezi wa sita asubuhi unasimama kwenye mfereji wa maji, na baridi ya huku unaijua. Nikavaa soksi tatu tatu ndani ya mabuti ya mvua. Miguu ikafa ganzi kabisa. Msichana mmoja aliyekuwa anachambua kahawa akanicheka.

"We kaka, umefunga miguu kama gunia! Damu ipite wapi?"

Akafumua sweta la mtumba, akafuma soksi jozi mbili, akaniletea.

"Vaa hizi, vidole vicheze. Jozi ile nyingine kaa nayo tumboni, ndani ya shati, hizi zikilowa ubadilishe."

Siku hiyo nilimaliza kazi navisikia vidole vyangu vyote. Nikamuoa.

Basi nunua za sufu, za pamba acha. Zisikubane, na kiatu kisikubane. Tembea na jozi kavu.

Zile zake jozi moja bado ninayo. Kisigino kilitoboka, jana nimekiziba kwa sindano ninayoshonea magunia. Hakipendezi, ila kimezibika. Kesho nazivaa, narudi kazini ghalani Mlowo.

Babu yako