Watu Arobaini Waliokuja Kumpumzisha Mke Wangu

Jumamosi, mwezi wa saba. Mau Narok.

Baridi ya leo haina huruma. Alfajiri sakitu ilikuwa imegandia nyasi za uani zikawa nyeupe kama zimenyunyiziwa unga, na hadi sasa, saa sita mchana, ukungu umelala juu ya mashamba ya ngano hata ua wa jirani siuoni. Nimevaa sweta mbili na koti langu la ibada. Nimekunywa uji niliopika mwenyewe. Uliungua chini, na juu haukuiva.

Shajara yangu, leo siandiki ushauri.

Wanaosoma ukurasa huu wa mtandaoni wanaijua desturi yangu. Tangu binti yangu Naomi aliponifungulia, nimekuwa nikiandika kila majira yanapobadilika namna ya kuutunza mwili ambao Mungu ametukabidhi. Wakati wa masika niliandika kwamba mtu mzima akitoka shambani aloweke miguu katika maji ya moto yenye chumvi, aikaushe, avae soksi kavu. Wakati wa kiangazi niliandika juu ya kunywa maji na kukaa kivulini saa ambazo jua ni kali. Na mwaka jana, katika baridi kama hii, niliandika juu ya usingizi wa mchana: nusu saa baada ya chakula, chini ya blanketi, moyo ukiwa umetulia mbele za Muumba wake. Wasomaji wengi waliandika "Amina". Mmoja aliniita mwalimu wa utulivu.

Maji yale ya moto sikuyachemsha mimi. Katika miaka thelathini na tisa ya ndoa sikumbuki hata siku moja niliyoyachemsha. Na blanketi lile la mchana, kulikuwa na mtu aliyenifunika nalo, kisha akarudi jikoni.

Mtu huyo ni Mama Naomi, mke wangu. Hayuko nyumbani. Leo ni siku ya tisa.

Nitayaandika mambo kama yalivyotokea, bila kujipamba.

Mwezi wa tano, mvua ikiwa bado inanyesha, alianguka mlangoni mwa jiko akiwa amebeba mtungi wa maji. Nilimpeleka kliniki Nakuru mjini. Daktari, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu wa mwisho, alimpima mara mbili, akasema presha imepanda sana na moyo umechoka. Alimwandikia vidonge. Kisha akaacha kumtazama mgonjwa, akanitazama mimi.

"Mzee, dawa ni nusu tu. Huyu mama apumzike mwezi mzima. Asipike, asibebe maji, alale mchana. Ukimpeleka nyumbani umwache jikoni, utamrudisha hapa akiwa amelala kwa machela."

Nilimwambia nimeelewa. Niliamini kwamba nimeelewa.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama mbele ya kanisa. Nilisema kwamba dada yetu ni mgonjwa, ameamriwa kupumzika, na ninaomba maombi. Kanisa zima liliguna kwa huzuni. Ninaungama hapa jambo ambalo sijamwungamia mtu: mguno ule ulinipendeza. Nilirudi kwenye kiti changu nikijihisi mtu anayependwa.

Yaliyofuata niliyapanda kwa mikono yangu. Miaka mingi iliyopita, nilipotoka chuo cha theolojia nikiwa na bidii ya ujana, nililifundisha kanisa letu kwamba mgonjwa asiyetembelewa ni aibu yetu sote. Nikaandika zamu. Mitaa yote iligawanywa, kila mtaa ukapewa siku yake, na nikaweka sharti kwamba hakuna siku itakayopita bila mgonjwa kuona uso wa ndugu katika Bwana. Zamu ile bado imebandikwa ukutani kanisani, kwa mwandiko wangu.

Walianza kuja Jumatatu saa tatu asubuhi.

Walikuja wanane, kesho yake sita, Jumatano kumi na mmoja kwa sababu mtaa ule ni mkubwa. Walikuja na mkate, na sukari, na maziwa, na upendo wa kweli, sitaki kuwasingizia. Walikaa sebuleni, wakaimba, wakaomba mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa na tiba yake: huyu kitunguu saumu, yule tangawizi, mwingine thabai, yale majani yanayowasha, zilizochemshwa. Na kila mmoja alikuwa anamjua mtu aliyekufa kwa presha, na alitaka kueleza jinsi alivyokufa.

Huku kwetu mgeni haondoki bila chai. Hilo halikuandikwa popote wala halihitaji kuandikwa. Mkate walioleta ulihitaji kukatwa, maziwa yalihitaji kuchemshwa. Mama Naomi alikuwa akilala chumbani, akisikia viti vinavutwa, anajifunga leso, anatoka, anasalimia kila mkono, anaingia jikoni kuwasha kuni.

Mimi nilikuwa sebuleni nikiwakaribisha wageni.

Nilimwona akipita na sufuria kubwa ya harusi. Niliona. Mara moja, Mungu anisamehe, nilimwita kutoka kitini nikamuuliza kama sukari imekwisha.

Wiki ya pili alikuja Mama Kezia, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama, mwanamke mkarimu mwenye sauti inayofika barabarani kabla yake. Alipokea kikombe, akaonja, akawageukia wenzake.

"Haki huyu ndiye mgonjwa? Mgonjwa anapika chai tamu hivi? Basi wacha na mimi nishikwe na hiyo presha, nikae nikitembelewa."

Walicheka wote. Nilicheka na mimi. Mama Naomi alitabasamu, akamwongezea kikombe.

Mwezi ulipokwisha tulirudi kliniki. Presha ilikuwa juu kuliko siku ile alipoanguka. Daktari aliitazama mashine, akamfunga tena mkono, akapima upya, kisha akauliza kwa upole kama mama alipumzika kweli.

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Aliteremsha mkono wa sweta polepole, akasema, "Daktari, nimepumzishwa na watu arobaini."

Daktari hakucheka. Alibadilisha vidonge, akampa siku nyingine za kurudi, na safari hii hakuniambia mimi chochote. Nilitamani anigombeze.

Nilidhani tukifika nyumbani mambo yangebadilika. Nilipunguza zamu; sikuifuta. Niliogopa watu wangesema mzee wa kanisa anafungia ndugu lango. Wiki tatu zaidi zikapita hivyo, chai ikipikwa. Alhamisi ya juma lililopita tulikwenda kliniki kwa mara ya tatu, na tulipotoka, badala ya kugeukia stendi ya magari ya Mau Narok, alisimama kando ya barabara.

"Baba Naomi, mimi sirudi nyumbani. Nipeleke kwa Tabitha. Na usimwambie mtu niko wapi. Hata mchungaji."

Tabitha ni mdogo wake. Anauza nyanya na vitunguu Bondeni, mtaa wa hapo Nakuru mjini, na anaishi katika chumba kimoja cha nyumba zile kuukuu za baraza. Nilimwambia mke wangu kwamba pale kuna kelele, hakuna hewa, hakuna nafasi. Alinijibu kwamba pale hakuna anayemjua.

Jumatano hii nilikwenda kumwona. Tabitha alinizuia mlangoni, akaniwekea kiti cha plastiki nje, akaniambia dada amelala. Ilikuwa saa saba mchana. Mbele yangu fundi alikuwa akichomelea geti, redio mbili zilikuwa zikishindana, wanawake walikuwa wakibishana juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kupitia ufa wa pazia niliuona uso wa mke wangu. Alikuwa amelala kifudifudi, uso umegeukia mlangoni, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja ukining'inia kitandani. Thelathini na tisa ni miaka mingi, na sikuwahi kumwona amelala mchana.

Nilikaa saa nzima. Ningependa kuandika kwamba nilikaa nikishukuru. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikingoja aamke aniulize ninakula nini.

Tangu niliporudi nimejaribu kukumbuka ni majira gani aliyowahi kupumzika. Mvua zikianza kuna mbegu za viazi. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imewafungia wengine ndani, ng'ombe hukamuliwa alfajiri vilevile, na mikono yake hupasuka. Wakati wa kuvuna ngano kuna chakula cha wavunaji. Desemba huja watoto na wajukuu. Nikasema moyoni: angalau Januari. Kisha nikakumbuka kwamba Januari ndiyo semina ya wazee wa kanisa, na semina hiyo hufanyika nyumbani kwetu, kwa sababu, kama tunavyosema kila mwaka, kwangu kuna utulivu.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo ndilo limenikalisha kuandika.

Alhamisi, juzi, Mama Kezia alisimama langoni. Hakuingia. Aliniuliza habari za baridi, za ng'ombe, kisha akasema nusu akitania, "Mzee, huko nje watu wanasema mama amekutoroka. Ama ni wewe umemficha?"

Nilimjibu kwamba yuko salama na anapata nafuu. Aliitikia kwa kichwa kwa namna ambayo sikuipenda. Alipokwenda, sikuweza kukaa. Nimekuwa mzee wa kanisa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nimesuluhisha ndoa za watu katika sebule hii. Wazo kwamba mtu anaweza kuketi kwake akasema nimeachwa na mke liliniuma kuliko lilivyoniuma neno la daktari. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Jioni ile nilikwenda kwa mchungaji. Nikamweleza kila kitu, na nikamtajia Bondeni, na mstari wa nyumba, na mlango. Nilimwambia ni siri, ni kwa ajili ya maombi tu. Niliporudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Nilidhani ni amani.

Leo saa tatu asubuhi Tabitha alinipigia simu.

Jana mchana, mama watano kutoka kanisani walifika mlangoni pake. Walikuwa wametoka huku juu asubuhi, na mikate miwili na maziwa kwenye chupa ya plastiki. Waliimba pale nje hadi majirani wakatoka kutazama. Mama Naomi aliamka, akajifunga leso, akawasalimia mmoja mmoja. Chumba hakikuwatosha, wakaketi kitandani alikokuwa amelala. Tabitha alikuwa sokoni. Aliporudi alimkuta dada yake amechuchumaa kando ya jiko la makaa, akichuja chai.

Walikaa hadi saa kumi. Waliomba kwamba Bwana ampe mjakazi wake pumziko.

Tabitha alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Shemeji, alikuomba kitu kimoja."

Nilisema najua. Nilimwambia nakuja sasa hivi, nitazungumza naye, nitamwomba radhi. Akaniambia nisijisumbue kuteremka. Wale mama walipoondoka, dada yake alikunja nguo zake mbili, akachukua vidonge vyake na karatasi ya kliniki, akaondoka. Kuna mtu amempokea, mtu mwema. Atapelekwa kliniki siku yake ikifika. Anakula, analala. Nikamuuliza ni wapi. Nikasikia mtu akimuuliza Tabitha bei ya nyanya, akamjibu, kisha akarudi kwangu.

"Amenikataza kusema."

"Kumwambia mchungaji?"

"Kukuambia wewe, shemeji."

Simu imelala hapa mezani tangu wakati ule. Nimeishika mara nyingi kumpigia Naomi, nikaiweka. Binti atajua. Binti hawezi kukosa kujua. Na nikimbana ataniambia, kwa maana nimemlea asimfiche babake jambo. Ndiyo sababu sitampigia.

Nimefundisha miaka yangu yote kwamba Mungu aliweka siku moja kati ya saba ili kila kiumbe kipumzike, na ng'ombe pia. Siku hiyo, kila juma, nyumba yangu ilijaa wageni baada ya ibada, nami nilikaa mezani nikilieleza fundisho hilo huku nikisogezewa sahani. Sijui ninyi mnaosoma mlikuwa mkimwona nani mlipokuwa mkisoma habari za utulivu wangu. Mimi sikumwona.

Ukungu umeanza kuinuka kidogo. Ng'ombe analia, hajapewa maji. Nitakwenda kumpa. Kisha nitakwenda kanisani, kwa kuwa Jumamosi milango huwa wazi kwa usafi, nami nitaibandua ile zamu ukutani kwa mkono uleule ulioiandika. Watanikasirikia. Na iwe hivyo. Kama kuna mgonjwa mwingine huku milimani aliyeamriwa kulala, huenda akalala.

Kesho ni ibada. Wakati wa matangazo wataniuliza mke wangu yuko wapi, na Mama Kezia atageuza shingo anisikie vizuri. Kwa majuma mengi nimesimama mbele yao nikiwa na la kusema. Kesho nitasimama niwaambie sijui, nao hawataniamini, nami nitaketi.

Ee Bwana, popote alipo, usimwamshe. Wala usinionyeshe.