Kitambaa cha Bibi

Kawajense, Mpanda
Jumapili mchana

Baba,

Nina hasira, na wewe umo.

Jumamosi tunakuja Usevya kusimika msalaba kwenye kaburi lako. Kaka Deo alitaka wote tuvae fulana zenye ile picha ya Bibi uliyoichora ukiwa kijana, ile ya rangi ya mafuta kwenye plaiwudi. Kazi ya kuitengeneza upya kwenye kompyuta akanipa mimi. Nilifurahi, Baba. Niliikuza mpaka nikaona nywele za brashi yako zimenasa shingoni kwa Bibi, nikacheka peke yangu. Ulikuwa unasema, "Brashi hii inanyonyoka kama kuku mgonjwa," na hukuitupa.

Kaka akaanza. "Yusta, hiyo kaniki nyeusi ya nini? Mpe kitenge kinachowaka. Mtie shanga. Watu wanataka bibi malkia, siyo bibi kanuna." Nikatii. Kwenye paji la uso kulikuwa na mstari mweupe. Nikadhani rangi yako imebanduka. Nikaufuta, nikaweka ngozi safi.

Shangazi Leokadia alipoonyeshwa kwenye simu aliisogeza karibu na macho. Kisha akasema, "Nyie mmemvua mama yangu msiba wake."

Kumbe ule mstari ni kitambaa cha mfiwa, kile cha kufungwa kichwani. Babu alikuwa amezikwa wiki ile. Shangazi anasema Bibi hakuwa mtu wa kutulia, ila mfiwa hashiki jembe, ndiyo maana ukapata nafasi ya kumchora.

Kwa nini hukuniambia? Miaka yote ulinifundisha kuchanganya rangi ya ngozi, ukanigombeza kwa kuchora vidole vinene, na kitambaa hukukitaja hata siku moja. Nilikaa hapo hapo kando yako. Ungesema tu.

Kaka naye. Nilipomwambia narudisha kaniki na kitambaa, akasema, "Sasa unataka tuvae msiba juu ya msiba?" Ndiyo. Tunakuja kaburini, siyo harusini. Hapokei tena simu yangu, na picha ya malkia wake ameshaipeleka kuchapishwa.

Lakini hasira kubwa ni juu ya mkono wangu huu, uliofuta bila kuuliza.

Picha nimeirudisha kama ulivyoiacha. Shanga nimezitoa moja moja. Nimechapisha fulana mbili, yangu na ya Shangazi. Wengine wote watakuja na malkia, nasi tutasimama katikati yao hivyo hivyo, watazame.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitagusa tena vazi la mtu wa zamani kabla sijawauliza waliomjua. Bibi ukimwona, usimfiche, mwambie aliyefuta ni mimi.

Nawe unikumbuke.

Mwanao,
Yusta